Historia: Guglielmo Marconi, mtu aliyezipa meli sauti baharini

Meli kubwa ya siku hizi haikai kimya inapokuwa katikati ya bahari. Kuna chombo kinachotangaza bila kusimama jina lake, mahali ilipo, kasi yake na upande inakoelekea. Kuna pia vitambuzi, yaani vyombo vidogo vya kupima, vinavyofuatilia joto la injini, kiasi cha mafuta kilichobaki, maji yanayoingia chini ya meli na ubaridi wa makontena yenye nyama au samaki. Vipimo hivyo vinapita hewani hadi kwenye ofisi za kampuni zilizo nchi kavu, maelfu ya kilometa kutoka pale meli ilipo.

Mwishoni mwa karne ya 19 hakuna lolote kati ya hayo lililowezekana. Meli ikishapotea machoni pa watu wa bandarini, hakuna aliyejua tena habari zake. Kama iliungua, kama iligongana na nyingine usiku, kama injini ilikufa, ndugu wa abiria walingoja wiki nzima, mwezi mzima, na wengine walingoja bila kupata jibu.

Mtu aliyeanza kuvunja ukimya huo ni Mwitalia Guglielmo Marconi. Hakuwa profesa, hakuwa baharia, na hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Maisha yake yanatuhusu sisi watu wa maziwa na mito, kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo yeye mwenyewe alilijifunza kwa gharama kubwa: kutuma habari ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na mtu upande wa pili anayesikiliza.

Kijana wa Bologna

Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 mjini Bologna, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland, katika ukoo wa watengenezaji wa pombe ya wiski ya Jameson. Kwa sababu hiyo Guglielmo alikua akizungumza Kiitaliano na Kiingereza, na baadaye lugha hiyo ya pili ilimfungulia milango mingi.

Hakusoma shuleni kwa utaratibu kama watoto wengine. Alifundishwa zaidi na walimu wa nyumbani. Alipenda umeme kuliko somo lolote. Profesa Augusto Righi wa Chuo Kikuu cha Bologna, aliyekuwa jirani wa familia, alimruhusu kuona majaribio yake ingawa kijana huyo hakuwa mwanafunzi wa chuo hicho.

Mwaka wa 1894 alifariki Heinrich Hertz, mwanasayansi Mjerumani aliyethibitisha kwamba kuna mawimbi ya umeme yanayosafiri hewani bila kuonekana. Wataalamu wengi waliyatazama mawimbi hayo kama jambo la maabara. Marconi, akiwa na umri wa miaka 20, alijiuliza swali la mtu wa kazi: je, mawimbi hayo yanaweza kubeba ujumbe?

Alianza majaribio katika chumba cha juu cha nyumba ya familia, Villa Griffone, huko Pontecchio. Vifaa vyake vingi vilikuwa vimebuniwa na watu wengine. Jambo aliloongeza lilikuwa rahisi lakini kubwa: alipandisha waya mmoja juu angani na kuzika mwingine ardhini, upande wa kutuma na upande wa kupokea. Umbali ukaongezeka ghafla. Mwaka wa 1895 ujumbe ulivuka kilima, umbali wa karibu kilometa 2. Kaka yake Alfonso, aliyekuwa upande wa pili wa kilima na chombo cha kupokea, alipiga risasi hewani ili kujulisha kwamba ujumbe umefika.

Kwa nini bahari

Mwanzoni mwa mwaka wa 1896 Marconi alikwenda London pamoja na mama yake. Uingereza ndiyo iliyokuwa na meli nyingi zaidi duniani, na ukoo wa mama ulikuwa na watu waliojua biashara. Tarehe 2 Juni 1896 aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake. William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, alimpokea na kumsaidia kufanya maonyesho mbele ya wakubwa.

Kwenye nchi kavu, telegrafu ya waya ilikuwa tayari imeenea miji mingi. Nani angelipa fedha kwa chombo kipya, chenye kelele na kisichoaminika bado, wakati waya upo? Lakini waya haufungwi kwenye meli inayotembea. Marconi aliona mapema kwamba soko lake la kwanza lilikuwa majini.

Maumbile nayo yalimsaidia. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko udongo mkavu, kwa hiyo mawimbi yake yalikwenda mbali zaidi juu ya bahari kuliko juu ya nchi kavu. Na chombo cha chuma kilichokaa majini kina waya wa ardhini wa bure: mwili wake wenyewe unagusa bahari.

Mwezi Mei 1897 ujumbe wake ulivuka maji ya mlango wa Bristol, kati ya Lavernock Point na kisiwa cha Flat Holm. Mwezi Julai mwaka huo alikuwa La Spezia, Italia, akijaribu vifaa vyake pamoja na meli za kivita za nchi yake. Mwezi huohuo kampuni yake ilianzishwa London. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Habari za mgonjwa kutoka melini

Mwaka wa 1898 watu wa kawaida walianza kusikia jina lake. Mwezi Julai gazeti moja la Dublin lilimkodi ili atoe matokeo ya mashindano ya mashua. Marconi alipanda meli ndogo, akafuata mashua hizo baharini na kutuma habari nchi kavu wakati mashindano yakiendelea.

Mwezi uliofuata aliitwa na ukoo wa kifalme. Mwana wa Malkia Victoria, Mwanamfalme Edward, alikuwa ameumia goti na alikuwa akipumzika ndani ya meli ya kifalme, Osborne. Mama yake alikuwa kwenye nyumba yake kisiwani Wight na alitaka kujua hali ya mwanawe kila mara. Marconi aliweka mtambo melini na mwingine nchi kavu. Kwa muda wa siku 16 ujumbe karibu 150 ulipita, mwingi ukiwa juu ya maendeleo ya mgonjwa.

Leo tungesema kwamba ni mfano wa mwanzo kabisa wa kile ambacho meli zinafanya kila saa: kupima hali ya kitu kilichomo ndani na kukipeleka kipimo hicho kwa mtu aliye mbali anayehitaji kuamua. Kilichobadilika ni kwamba wakati ule daktari alitazama goti na opereta akabonyeza ufunguo wa telegrafu. Leo kitambuzi kinatazama injini na kujisemea chenyewe.

Maisha ya kwanza kuokolewa

Jaribio lenye uzito zaidi lilikuja mwezi Desemba 1898. Kusini mashariki mwa Uingereza kuna mafungu ya mchanga yanayoitwa Goodwin Sands, yaliyoharibu meli nyingi. Hapo ilitiwa nanga meli maalumu yenye taa ya kuonya wapitaji. Wafanyakazi wake walipoona ajali, waliweza kupiga mizinga na kurusha fataki tu, na kama kulikuwa na ukungu hakuna aliyeona. Marconi aliweka mtambo katika meli hiyo ya taa na mwingine kwenye mnara wa taa wa South Foreland.

Mwezi Machi 1899 meli ya tanga iliyoitwa Elbe ilikwama kwenye mchanga huo. Meli ya taa ilituma habari, na mashua ya uokoaji ikaitwa kutoka Ramsgate. Mwezi Aprili, meli nyingine, R. F. Matthews, iliigonga meli ya taa yenyewe katika ukungu. Safari hii waliokuwa wakiwalinda wengine ndio walioomba msaada, na msaada ulipatikana.

Haki inadai kusema kwamba Marconi hakuwa peke yake. Huko Urusi, Alexander Popov alikuwa akifanya kazi kama hiyo, na mwanzoni mwa mwaka wa 1900 telegrafu isiyo na waya ilisaidia kuwaokoa wavuvi waliochukuliwa na barafu katika Ghuba ya Finland. Oliver Lodge huko Uingereza, Nikola Tesla huko Marekani na Ferdinand Braun huko Ujerumani wote walichangia. Ubishi juu ya nani alikuwa wa kwanza ulipelekwa mahakamani mara nyingi. Marconi aliwashinda wengi kwa kujua jinsi ya kugeuza jaribio kuwa kazi ya kila siku.

Kuvuka Atlantiki

Tarehe 12 Desemba 1901, huko St. John's, kisiwani Newfoundland, Marconi na msaidizi wake George Kemp walirusha tiara katika upepo mkali ili kunyanyua waya wa kupokelea. Ng'ambo ya bahari, kituo chake cha Poldhu, Uingereza, kilikuwa kikituma herufi moja tu, nukta tatu za herufi S. Marconi alisema amezisikia. Umbali ulikuwa karibu kilometa 3,500.

Wengi walikataa kuamini. Ushahidi ulikuwa masikio yake na ya Kemp peke yake, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama kweli mawimbi hayo yangeweza kufika mchana kwa vifaa vile.

Jibu la Marconi lilikuwa kupanda meli. Mwezi Februari 1902 alisafiri kwenda Marekani ndani ya Philadelphia, akiwa na chombo kinachoandika alama zenyewe juu ya ukanda wa karatasi. Kila siku meli ilipozidi kwenda mbali na Poldhu, karatasi iliandika, na nahodha alishuhudia mahali walipokuwa. Ujumbe kamili ulipokelewa hadi karibu kilometa 2,500, na alama za herufi S mbali zaidi ya hapo.

Karatasi hizo zilionyesha jambo ambalo hakulitegemea. Usiku mawimbi yalifika mbali sana, lakini mchana yalikatika baada ya kilometa 1,100 hivi. Sababu yake ilieleweka baadaye: kuna tabaka juu angani linalorudisha mawimbi chini, na jua hubadilisha tabia yake. Meli ilikuwa imegeuka chombo cha kupimia dunia.

Kampuni iliyokataa kuongea na wengine

Biashara ya Marconi ilikuwa na upande mwingine. Kampuni yake haikuuza mitambo tu. Iliikodisha pamoja na maopereta, ambao walikuwa wafanyakazi wa kampuni hata wakiwa ndani ya meli ya watu wengine. Na maopereta hao walikuwa na amri: wasijibu meli zinazotumia mitambo ya washindani, isipokuwa kwa hatari.

Mwaka wa 1902 Mwanamfalme Heinrich, ndugu wa mfalme wa Ujerumani, alikuwa akirudi kutoka Marekani ndani ya meli yenye mtambo wa Kijerumani. Alitaka kumtumia Rais Theodore Roosevelt ujumbe wa shukrani, lakini vituo vya Marconi havikupokea. Ujerumani ilikasirika na kuita mkutano wa mataifa Berlin mwaka wa 1903. Mkutano mwingine wa Berlin, mwaka wa 1906, uliamua kwamba vituo vya pwani na meli lazima vipokeane bila kuangalia mtambo ni wa nani. Mkutano huo pia uliweka alama ya SOS kuwa wito wa hatari wa mataifa yote.

Marconi alijitetea kwamba yeye ndiye aliyetumia fedha kujenga vituo hivyo. Kama mfanyabiashara alikuwa na hoja. Kwa baharia aliye katika shida, hoja hiyo haikuwa na maana.

Usiku wa Titanic

Tarehe 23 Januari 1909 meli ya Republic iligongwa na Florida katika ukungu karibu na pwani ya Marekani. Opereta Jack Binns alibaki kwenye mtambo wake kwa saa nyingi akiita msaada. Watu zaidi ya 1,500 wa meli zote mbili waliokolewa. Mwaka huohuo Marconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, pamoja na Braun. Dunia iliamini kwamba hatari ya bahari imepata dawa.

Miaka mitatu baadaye ilikuja Titanic. Maopereta wake, Jack Phillips na Harold Bride, walikuwa watu wa kampuni ya Marconi. Mtambo wao ulikuwa kati ya ile yenye nguvu zaidi baharini. Ulikuwa umeharibika siku moja kabla, wakautengeneza, na tarehe 14 Aprili 1912 walikuwa na rundo la telegramu za abiria waliolipia salamu na habari za biashara.

Siku hiyo meli mbalimbali zilituma habari kwamba kuna barafu mbele. Baadhi zilimfikia nahodha. Moja iliyotoka kwa meli ya Mesaba, iliyoeleza eneo lenye barafu nyingi, haikufika kwenye chumba cha usukani. Baadaye usiku, meli ya Californian iliyokuwa karibu ilijaribu kuonya. Phillips, aliyekuwa akihangaika na telegramu za abiria, alimwambia opereta wake anyamaze. Opereta huyo alikuwa peke yake, na sheria haikumtaka akeshe. Kabla ya saa sita za usiku alizima mtambo na kulala. Dakika chache tu baadaye Titanic iligonga barafu.

Wito wa hatari ulisikika na meli ya Carpathia, iliyokuwa mbali takriban kilometa 100. Opereta wake, Harold Cottam, alikuwa karibu kwenda kulala na bado alikuwa hajavua vyombo vya masikioni. Carpathia ilifika alfajiri na kuokoa watu zaidi ya 700. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Phillips alikuwa mmoja wao.

Marconi alikuwa New York. Alikuwa amealikwa kusafiri na Titanic, lakini alitangulia na meli nyingine. Carpathia ilipofika bandarini tarehe 18 Aprili, alipanda na kuonana na Bride, aliyenusurika akiwa ameumia miguu. Watu wengi walimsifu Marconi kama mwokozi. Lakini baraza la seneti la Marekani lilimwita na kumuuliza maswali magumu, hasa juu ya maopereta walioruhusiwa kuuza habari zao kwa gazeti wakati ndugu wa abiria walikuwa bado wakilia gizani.

Funzo la usiku huo lilieleweka haraka. Mawimbi yalifanya kazi yao. Onyo lilitoka, likavuka bahari, likapokelewa, kisha likakwama kati ya mtambo na mtu wa kuamua, kwa sababu salamu zilizolipiwa zilipewa nafasi ya mbele. Na meli iliyokuwa karibu zaidi haikusikia kwa sababu hakuna aliyewekwa kusikiliza. Mwezi Januari 1914 mataifa yalikutana London na kukubaliana juu ya mkataba wa usalama wa maisha baharini, uliotaka meli fulani ziwe na mtu wa kusikiliza redio saa 24. Vita vilichelewesha utekelezaji, lakini mkataba huo ndio mzizi wa sheria zinazoongoza meli hadi leo.

TSF inafika Kongo

Katika miaka hiyohiyo mawimbi yalifika kwetu. Waya za telegrafu za Wabelgiji zilikuwa zikikatika msituni kwa sababu ya miti iliyoanguka na tembo. Kwa msaada wa Mfalme Albert wa Kwanza, mhandisi Robert Goldschmidt alisimamia ujenzi wa vituo vya TSF, yaani telegrafu isiyo na waya kama ilivyoitwa kwa Kifaransa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mlolongo wa vituo ulikuwa umeunganisha Banana, kwenye mdomo wa mto, na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Vituo hivyo havikujengwa kwa ajili ya raia. Vilijengwa kwa ajili ya utawala wa kikoloni na biashara yake. Hata hivyo, ndivyo anga la Kongo lilivyoanza kubeba ujumbe.

Elettra, nyumba na maabara

Mwezi Septemba 1912 Marconi alipata ajali ya gari huko Italia na kupoteza jicho la kulia. Aliendelea na kazi. Wakati wa vita alitumikia jeshi la Italia, na mwaka wa 1919 alikuwa katika ujumbe wa nchi yake kwenye mkutano wa amani wa Paris.

Mwaka huo alinunua meli iliyojengwa Leith, Scotland, mwaka wa 1904, akaiita Elettra. Ikawa nyumba yake na maabara yake. Ndoa yake ya kwanza na Beatrice O'Brien, waliyefunga mwaka wa 1905, haikustahimili maisha hayo ya kusafiri bila kutulia, ikavunjika mwaka wa 1924. Mwaka wa 1927 alimwoa Maria Cristina Bezzi-Scali, na binti yao aliyezaliwa mwaka wa 1930 alipewa jina la meli: Elettra.

Kutoka katika meli hiyo, mwaka wa 1923, alipima jinsi mawimbi mafupi yanavyosafiri na kugundua kwamba yanakwenda mbali sana kwa nguvu ndogo. Mwezi Machi 1930, Elettra ikiwa Genoa, alibonyeza ufunguo na taa zikawaka katika jengo la manispaa ya Sydney, Australia. Mwezi Julai 1934, huko Sestri Levante, madirisha ya chumba cha usukani yalifunikwa kwa mapazia, na Elettra ikapita katikati ya maboya mawili ikiongozwa na mawimbi ya redio peke yake. Meli ilikuwa imeanza kuona bila macho.

Doa la siasa

Haifai kumsimulia Marconi bila kutaja siasa zake. Alijiunga na chama cha Kifashisti cha Benito Mussolini mwaka wa 1923. Alipewa cheo cha markizi, akaongoza baraza la taifa la utafiti na baadaye akademia ya kifalme ya Italia. Mussolini alipoivamia Ethiopia mwaka wa 1935, katika vita ambavyo jeshi la Italia lilitumia gesi ya sumu, Marconi aliitetea nchi yake hadharani katika nchi za nje. Mtu aliyesaidia watu wa bahari kusikika hakuwasikiliza Waethiopia.

Alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai 1937, akiwa na miaka 63, baada ya moyo wake kusumbua kwa muda mrefu. Vituo vya redio vya Posta ya Uingereza vilinyamaza kwa dakika mbili kwa heshima yake. Elettra ilichukuliwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Pili na kuharibiwa mwaka wa 1944 katika pwani ya Dalmatia. Vipande vyake vimehifadhiwa nchini Italia.

Kilichobaki leo

Telegrafu ya nukta na mistari imeondoka baharini. Tangu tarehe 1 Februari 1999 meli kubwa zinatumia mfumo wa dunia nzima wa satelaiti na redio. Meli ikizama, kuna boya linalojifungua lenyewe na kutuma mahali ilipo. Chombo kinachotangaza jina, kasi na upande wa meli ni cha lazima kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi.

Ndani ya meli yenyewe, wahandisi bado wanapambana na tatizo ambalo Marconi angelitambua mara moja. Wanapenda vitambuzi visivyo na waya kwa sababu nyaya ni nzito, ni ghali, na kuzipitisha kunahitaji kutoboa kuta. Lakini kuta hizo ni za chuma, na chuma hurudisha mawimbi ya redio. Mlango wa chuma ukifungwa, chumba cha injini kinakuwa sanduku lisilosikika nje. Hivyo wanaweka vyombo vya kupokezana ujumbe kutoka chumba hadi chumba, au wanachanganya waya na redio. Na hata vipimo vikifika salama, lile tatizo la Titanic halijaisha: kwenye kioo chenye mamia ya namba na kengele, lazima awepo mtu anayejua ipi ya kuamka nayo.

Kwetu hali ni nyingine. Kwenye Ziwa Kivu, Ziwa Tanganyika na mto Kongo, boti nyingi za mbao husafiri usiku, zimejaa kupita kiasi, bila redio na bila majaketi ya kuokoa maisha, ingawa serikali imekataza safari za usiku mara nyingi. Boti ikipinduka gizani, mara nyingi habari hufika mjini pamoja na yule aliyeweza kuogelea. Wakati huohuo, abiria wengi wana simu mfukoni, chombo chenye uwezo mkubwa kuliko mtambo wa Titanic.

Kwa hiyo kinachokosekana mara nyingi si mawimbi. Ni orodha ya abiria iliyoandikwa kabla ya kuondoka, namba moja inayojulikana na kila nahodha, na mtu anayelipwa kukesha kwenye bandari ya pili akingoja boti ifike. Mataifa ya bahari yalikubali kulipa mtu huyo baada ya kuzika watu 1,500. Sisi tumekwisha kuzika wengi.